Rota ya Ijumaa ya Besiboli

Rota ya mwezi ule niliiandika kwa penseli kwanza, kama kawaida yangu. Wodi yetu ni ya wagonjwa wanaokaa muda mrefu, wengi wao wazee wasioinuka kitandani, na wauguzi tuko kumi na wanane. Mkuu wa wodi hupenda kusaini tu. Kazi ya kupanga nani aingie lini aliniachia mimi, na nimeifanya kwa miaka minne. Kwanza naweka likizo. Halafu naweka maombi, kila mtu ombi moja kwa mwezi, si zaidi. Mwisho nagawanya Ijumaa, maana hapa Doha Ijumaa ndiyo siku ya ibada na ya mapumziko, kwa Waislamu na kwa sisi Wakristo pia, na hakuna asiyeitaka. Nikimaliza napitia kwa wino, mkuu anasaini, nabandika kwenye mlango wa chumba cha chai.

Wenzangu huniita Karani. Sijawahi kulichukia jina hilo, kwa sababu katika miaka hiyo minne hakuna aliyesimama mbele ya mlango ule akasema nimependelea au nimeonea.

Mwezi ule nilionea.

Ili jambo hili lieleweke, lazima nianze na rafiki yangu. Tulikutana kwenye foleni ya vipimo vya afya siku chache baada ya kufika Qatar, yeye kutoka Bungoma, mimi kutoka Machakos, wote wawili tumeshikilia bahasha za picha za kifua kama watu walioshikilia hati za shamba. Tukapangiwa wodi moja na chumba kimoja katika jengo la wafanyakazi huko Umm Salal: vitanda viwili, kabati moja, dirisha linalotazama mitende ya shamba la mtu. Tuliishi humo miaka sita. Nilijua kwamba hawezi kulala bila soksi. Nilijua akikasirika hasemi neno. Huchukua pasi na kuanza kunyoosha nguo, hata zile zilizokwisha kunyooshwa.

Katika miaka hiyo yote tulikuwa na mpango mmoja. Kampuni ikituruhusu kukaa nje, tungepanga nyumba ya vyumba viwili Al Wakrah, mahali penye upepo wa bahari, kila mmoja awe na mlango wake wa kufunga. Tuliupanga hadi tukajua nani angenunua jokofu na nani angenunua majiko. Basi ruhusa ikatoka, na yeye, ambaye hujua kuongea na watu kuliko mimi, akaanza kutafuta. Akaipata nyumba. Nikamwuliza, "Tunahama lini?"

Akasema, "Tutaona."

Neno hilo moja nililibeba kwa wiki nzima. Nililigeuza upande huu na upande ule, na kila nilipoligeuza nilimwona Mganda ndani yake.

Mganda ni muuguzi aliyejiunga na wodi yetu miezi minane kabla ya hapo. Mrefu, mwenye sauti, huanza kucheka kabla hajafika kwenye kichekesho. Alipewa chumba ghorofa ya juu yetu lakini alikuwa chini kwetu kila jioni, na alipokuja alikaa kwenye kitanda changu, kwa sababu kitanda cha rafiki yangu kilikuwa na nguo za kunyoosha. Sikuwa na neno juu ya hilo. Nililokuwa nalo ni mengine, madogo madogo, na niliyaona yote, kwa kuwa macho yangu yana ubaya huo wa kutopitwa na kitu.

Kwa mfano, rafiki yangu aliacha kusema "sawa" akaanza kusema "kale", kama wanavyosema Kampala. Kisha kulikuwa na nywele. Kwa miaka mitano nilimsuka mimi, matuta ya kwenda nyuma, yaliyopinda kidogo upande wa kushoto kwa sababu mkono wangu ndivyo ulivyo. Alivumilia, akaenda nayo kazini na kanisani. Mganda anasuka kama aliyezaliwa saluni. Alhamisi mbili kwa mwezi walikaa chini kwenye zulia, mmoja katikati ya magoti ya mwenzake, saa tatu nzima, wakiongea Kiingereza cha haraka haraka, nami nikiwa nimeinamia simu yangu kitandani, nikisoma ukurasa uleule. Siku moja rafiki yangu alijitazama kwenye kioo akasema, "Heh! Kumbe nina kichwa kizuri hivi!" Hakunikusudia mimi. Ndiyo maana iliuma.

Habari ya besiboli ililetwa na dereva wetu. Ni mtu wa Malindi, mtaratibu, ambaye hutuendesha kwenye basi la kazi na hutuita "mabibi" tukiwa wengi na "dada" tukiwa mmoja mmoja. Asubuhi moja alisema timu mbili za kulipwa zinakuja kucheza mchezo wa maonyesho katika kiwanja kimoja upande wa Lusail, ambacho siku zote ni cha kriketi, na jamaa yake amempa tikiti nne.

"Besiboli ndiyo nini?" rafiki yangu akauliza.

"Mtu ana gongo, mwingine anamrushia mpira," dereva akasema. "Zaidi ya hapo mimi na wewe sawasawa, dada."

Mganda, aliyekuwa kiti cha nyuma, aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Banange! Mimi nimecheza hiyo! Shule!" Akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba katika shule yake nje ya Kampala wageni walileta magongo na glavu, na wasichana na wavulana wote wakafundishwa. Yeye alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Akatazama simu yake, akapekua, kisha akapiga kelele nyingine. Katika moja ya timu zile alikuwamo kijana aliyesoma naye. "Huyu! Tulikula naye posho moja! Huyu ni kaka yangu!"

"Basi lazima twende sote," rafiki yangu akasema, akanigeukia. "Si ndiyo, Karani?"

Nikasema ndiyo. Sote. Neno hilo zamani lilikuwa la watu wawili.

Mchezo ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Siku ileile ya habari, Alhamisi jioni, niliketi na penseli na karatasi ya rota. Mganda alikuwa ameshatumia ombi lake la mwezi, siku ya mahafali ya mdogo wake, kwa hiyo hakuwa na haki ya kuomba Ijumaa ile. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini ukweli ni kwamba hakuhitaji kuomba. Kwa mzunguko wangu mwenyewe, Ijumaa ile ilikuwa yake ya kupumzika. Jina lake lilikuwa tayari upande wa mapumziko, na nilikuwa nimeliandika mimi. Nikalitazama. Nikawaza viti vinne uwanjani: dereva, halafu mimi, halafu rafiki yangu, halafu yule, na jinsi rafiki yangu angekaa mchana kutwa amenipa kisogo akielezwa mchezo. Nikachukua kifutio. Nikamhamishia mapumziko yake Jumanne, nikamwandika Ijumaa, zamu ya mchana, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Nikapuliza vumbi la kifutio. Mtu yeyote akiuliza, nina kanuni.

Nilibandika Jumapili. Mganda akaja chumba cha chai, akatafuta jina lake kwa kidole, akafika Ijumaa, kidole kikasimama. "Kale," akasema, akaenda zake kuwageuza wagonjwa. Baadaye nilimwona rafiki yangu amesimama mbele ya mlango uleule, mikono nyuma, kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma jina lake mwenyewe. Wiki ile alinyoosha nguo sana. Nilijiambia ni kwa sababu ya mchanga wa dirishani.

Ijumaa yenyewe niliamshwa na mvuke wa pasi. Haikuwa bado saa kumi na moja na nusu. Rafiki yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba akinyoosha sare ya kazi.

"Unaenda wapi?"

"Kazini."

"Leo uko mapumziko. Niliandika mimi."

"Najua uliandika wewe." Alipitisha pasi kwenye kola, polepole, kwenda na kurudi. "Nimebadilishana. Mkuu alisaini jana jioni, wewe ukiwa umeshapanda basi."

"Na nani?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Na nani tena? Ana kaka yake anacheza leo, Karani. Mimi besiboli sijui hata inaliwa na nini. Nendeni mkaone, mtanisimulia."

"Lakini sisi tulipanga..."

"Kale," akasema, akachomoa pasi ukutani.

Nililala pale nikisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi. Dirishani basi liliwaka taa, likaondoka. Basi, nikawaza, nimefanya kazi yote hiyo ya kifutio ili niende uwanjani na mtu niliyetaka abaki, na aliyebaki ni yule niliyetaka aende. Nilienda ibada ya saa tatu peke yangu. Mahubiri yote yalinipita.

Dereva alikuja kutuchukua saa saba, baada ya sala ya Ijumaa, bado amevaa kanzu. Mganda alishuka amevaa kofia ya chepeo na amebeba glavu kubwa ya ngozi iliyokauka, kama kiganja cha jitu. Alikuwa ameibeba kutoka Uganda, miaka yote hiyo, ndani ya sanduku. Sikujua. Rafiki yangu bila shaka alijua.

"Wapi yule dada mwingine?" dereva akauliza.

"Yuko kazini," Mganda akasema. "Amenipa siku yake. Mungu ambariki."

Dereva alinitazama kwenye kioo cha gari. Anatuendesha kila siku. Anajua nani anaandika rota. Akawasha injini, akasema, "Haya, mabibi, fungeni mikanda."

Mganda alikaa mbele, mimi nyuma. Njia nzima nilitazama shingo yake na mistari ya nywele iliyonyooka. Hata zake anajisuka mwenyewe.

Uwanjani watu hawakuwa wengi. Kulikuwa na Wamarekani na watoto wao, Wafilipino wengi, Wajapani wachache waliojua kila kitu, na Waganda: safu mbili nzima, na bendera, na vuvuzela moja iliyonyang'anywa mapema na walinzi. Wale wa safu mbili walimpokea Mganda wetu kana kwamba wamemsubiri tangu asubuhi. Walitusogezea nafasi. Mtu akanipa karanga, akaniita "nyabo", yaani bibi. Nilipokea karanga, nikahesabu ni watu wangapi humfurahia mtu huyu bila kujitahidi, nikaacha kuhesabu.

Sasa niseme kuhusu mchezo wenyewe, kwa sababu hapo nilijidanganya. Nilipoona gongo, mrushaji na vituo vinne vya kuzunguka, nilipumua. Nikasema moyoni, kumbe ni raundas! Kila msichana aliyesoma shule ya msingi kwetu amecheza raundas, kwa rungu fupi na mpira wa tenisi, na mimi nilikuwa mkimbiaji mzuri. Hapa hatimaye palikuwa na jambo nisilohitaji kuelezwa na Mganda. Nikamweleza dereva, kwa sauti ya kusikika, vituo ni vya nini. Akaitikia, "Enhe, enhe," kama anavyoitikia abiria wote.

Kisha akaingia kaka wa Mganda kupiga. Safu mbili zilisimama. Mpira wa kwanza ukaja, akazungusha gongo, akaukosa. Katika raundas, upige usipige, lazima ukimbie. Yeye akabaki amesimama, akigonga viatu vyake kwa gongo. Nikasimama juu ya kiti nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote za Machakos:

"Kimbia! Unangoja nini? Kimbia, wewe!"

Kijana mwenyewe aligeuka akatazama jukwaani. Mjapani mmoja akatabasamu kwa heshima, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka. Kisha safu mbili za Waganda zikapasuka.

"Sista!" Mganda alinishika kiuno nisianguke, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Akimbie wapi? Hajapiga! Ana nafasi tatu!"

"Huko kwetu anakimbia," nikasema.

"Huko kwenu wote wako fiti, eh! Hata akikosa anakimbia!"

"Dada," dereva akasema bila kunitazama, "na mimi ndiye niliyekuwa najifunza kwako."

Nilikaa. Masikio yaliniwaka. Niliwaza jinsi rafiki yangu angecheka kama angekuwapo, na nikashukuru hayupo, na papo hapo nikaumia kwamba hayupo. Kijana alikosa mpira wa pili, akakosa wa tatu, akarudi benchi ameinamisha kichwa. Mganda alimwimbia kitu kwa Kiganda na safu zote mbili zikaitikia. Hakuonyesha aibu yoyote kwa ajili yake. Mimi mtu wangu akishindwa mbele za watu huwa natazama pembeni, yeye alimwimbia.

Ikawa raundi ya tano. Jua lilikuwa limelegea, ile hali ya hewa ya mwezi wa kwanza ambayo mtu husamehe miezi mingine yote ya Doha. Mganda alinipa nusu ya chapati iliyoviringishwa na yai, akanieleza kwa vidole mchezo ulipofikia. Alikuwa mwalimu mzuri. Hakurudia jambo mara mbili wala hakunifanya mjinga. Halafu, mdomo umejaa, akauliza:

"Sista, wewe unahamia Wakrah lini?"

"Wakrah ipi?"

"Ile nyumba. Ya vyumba viwili."

"Hajaniambia," nikasema. Nilijitahidi sauti iwe ya kawaida.

Akatafuna, akameza. "Mimi aliniuliza. Nikasema, hapana, asante. Wakrah mbali! Basi ya saa kumi alfajiri, mimi nilale saa ngapi? Mimi napenda usingizi. Na huyo dada ni ugali kila siku, kila siku. Nikamwambia, chukua Karani, nyinyi mmezoeana."

Mtu mmoja chini kule alipiga mpira ukaenda juu sana. Watu wote waliinua vichwa. Mimi nilikuwa namtazama yeye.

"Alikuuliza lini?"

"Lini..." Alifikiri. "Ile Jumapili. Ya rota."

Alisema hivyo bila mwiba wowote. Kama alikuwa na mwiba, aliuficha vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mimi huona miiba. Akarudisha macho uwanjani, akapiga makofi.

Raundi mbili zilizofuata sikuziona. Nilikuwa nikipanga siku, kazi ninayoiweza. Jumatano ya wiki ya kabla: anasema tutaona. Alhamisi usiku: mimi na kifutio. Jumapili asubuhi: nabandika. Jumapili jioni: anamwalika Mganda. Kabla ya Jumapili hakukuwa na mwaliko kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimeogopa kwamba atamchagua yule badala yangu, na kabla ya kuogopa kwangu hakuwa amemchagua. Na bado, hata nilipokwisha kuliona hilo waziwazi kama mstari kwenye karatasi, lililonichoma zaidi halikuwa kosa langu. Lilikuwa kwamba aliulizwa yeye, akakataa kwa sababu ya usingizi. Kitu nilichokitamani kwa miaka sita yeye alikipima na basi la alfajiri, akakiacha mezani, na sasa kama ningekipata ningekipata kikiwa kimeguswa.

Mpira uliopigwa vibaya ulitoka pembeni ukaja jukwaani kwetu, kwa kasi, watu wakainama na kujifunika. Dereva alijikunja ndani ya kanzu yake. Mganda alisimama, akanyoosha mkono wenye glavu, akaudaka kama mtu anayechuma embe. Kelele iliyopigwa! Hata wachezaji waligeuka. Kijana wake aliinua kofia kutoka kiwanjani.

Aliugeuza mpira mkononi, mweupe, mishono yake myekundu, doa moja la udongo. "Huu," akasema, "ni wa rafiki yetu. Amekosa mchezo kwa ajili yangu."

Rafiki yetu. Nilitazama uwanjani.

Kijana wake hakupiga vizuri hata mara moja siku ile, lakini katika raundi ya nane mrushaji alikosea mara nne, naye akapewa nafasi ya kutembea hadi kituo cha kwanza, na kutoka hapo, mrushaji akiwa anamtazama mpigaji, aliiba kituo cha pili kwa kukimbia na kuteleza kwa kifua hadi vumbi likamfunika. Hapo hata mimi nilisimama. Timu yake ilishindwa. Baadaye alikuja kwenye uzio, akamshika Mganda mikono kupitia wavu, wakaongea Kiganda kwa haraka, wote wawili wakilia kidogo na kucheka. Kisha akanitazama, akauliza kitu, na Mganda akanitafsiria:

"Anauliza, ni wewe ulimwambia akimbie?"

"Mwambie samahani."

"Anasema mwisho alikusikiliza."

Tulirudi Umm Salal jua likizama. Rafiki yangu aliingia chumbani karibu saa mbili, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda chake akijisugua nyayo. Alisema mzee mmoja wa wodini, wa kitanda cha dirishani, alikuwa amesumbua siku nzima. Nilimpa chai. Nilimwambia mchezo ulikuwa mzuri, Mganda amemdakia mpira, uko juu chumbani kwake na ataletewa. Alitabasamu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani, kwa mpangilio, na yote yakanipotea.

"Ile Ijumaa ya Mganda," nikasema. "Haikuwa kanuni. Alikuwa mapumziko. Nilimfuta."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Unadhani sijui mzunguko wako? Nimelala na rota zako miaka minne, unazisoma kwa sauti ukiandika." Alikunywa chai. "Nilingoja useme. Jumatatu nikangoja. Jumanne. Alhamisi nikaona basi, hatasema, nikaenda kwa mkuu."

"Kwa nini ulisema tutaona? Nilipokuuliza nyumba."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mshipa kwenye mkono usio na mshipa. "Mwenye nyumba alikuwa hajanijibu. Ungetaka niseme nini?"

Kisha nikasema jambo ambalo hadi leo natamani nisingelisema. "Lakini ukamwuliza yeye kwanza."

"Ndiyo." Hakukwepa. "Nilikuwa na hasira. Nilitaka kukaa na mtu ambaye hanichungi."

Chini mtu alikuwa akipiga muziki, akauzima. Rafiki yangu aliweka kikombe sakafuni.

"Nyumba nimechukua," akasema. "Nitakaa peke yangu kwanza. Usilie, Karani, sijafa. Nimesema kwanza."

Nilimsaidia kuhama mwezi uliofuata, Ijumaa ambayo sisi watatu tulikuwa huru kwa mzunguko wa haki. Dereva alileta gari la jamaa yake. Mganda alibeba jokofu mgongoni karibu peke yake, akilaani ngazi kwa lugha tatu. Nyumba ilikuwa kama tulivyoichora kwa miaka: sebule ndogo, upepo wenye chumvi, vyumba viwili vinavyotazamana. Kimoja tulikijaza vitu. Kingine kilibaki kitupu, sakafu ya vigae na dirisha, na rafiki yangu alipita akaufunga mlango wake ili vumbi lisiingie. Wakati tunakula nilikuwa nimekaa mahali ambapo niliweza kuuona. Niliuonea wivu mlango ule. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilionea wivu mtu asiyekuwapo, mwenye kitanda kisichokuwapo, ambaye siku moja ataufungua kwa ufunguo wake na kuingia bila kubisha.

Umm Salal nilipewa mwenzangu mpya wa chumba, binti mpole kutoka Eldoret anayelala mapema. Rota siandiki tena. Nilimwambia mkuu macho yananisumbua, na akampa mtu mwingine anayetumia kompyuta.

Wakrah mimi huenda Ijumaa nikiwa huru, mara moja, mara mbili kwa mwezi. Wiki mbili zilizopita nilifika nikakuta mlango wa kile chumba uko wazi, na ndani, katikati ya vigae, sanduku la kusafiria la rangi ya buluu, jipya, na juu yake kanga imekunjwa. Nilisimama kwenye kizingiti, mfuko wa machungwa mkononi.

"Ni la nani hilo?" nikauliza.

Rafiki yangu alitokeza kichwa jikoni, mikono imejaa unga.

"Karani," akasema, "vua viatu kwanza, halafu ndiyo uulize."

Nikaliacha swali mlangoni, nikainama, nikaanza kufungua kamba za viatu.